Kiyoyozi Kilichonyamaza Baada ya Umeme Kurudi kwa Nguvu: Pima Kwanza

Umeme unapopotea mtaani Nairobi wakati wa mvua za masika kisha ukarudi kwa nguvu kupita kiasi, kiyoyozi huwa miongoni mwa vyombo vya kwanza kunyamaza, kwa kuwa aghalabu huachwa kikiwa na umeme usiku na mchana kikisubiri amri ya rimoti. Wenye nyumba wengi huambiwa papo hapo kwamba kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupooza, imeungua na kwamba heri wanunue mashine mpya. Nakusihi usiikubali hukumu hiyo bila vipimo, kwa sababu mara nyingi madhara huishia kwenye bodi ya ndani, yaani sahani ya elektroniki ya mashine iliyo ndani ya nyumba, katika vipuri viwili vya bei ndogo ambavyo mtengenezaji aliviweka makusudi ili viungue badala ya vingine.

Anza na umeme wenyewe kabla ya kugusa mashine. Pima soketi za nyumba kwa multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme. Umeme wa majumbani nchini Kenya ni wa volti 240, na namba unayoisoma inapaswa kuwa karibu na hapo. Majengo mengi ya ghorofa hupokea fazi tatu zinazogawiwa nyumba mbalimbali, na waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, ukilegea au kukatika, nyumba moja hupungukiwa na volti huku jirani yake akipata nyingi mno, hata kukaribia 415. Dalili zake ni taa zilizong'aa kwa ukali kabla ya kuungua, na namba ya multimita inayopanda au kushuka sana mtu anapowasha birika la umeme. Ukiona hali hiyo, zima swichi kuu, iarifu kampuni ya umeme, na umwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, akague nyaya za jengo. Bodi mpya ikifungwa wakati nyutro bado imelegea, itaungua vilevile.

Umeme ukiwa sawa, zima breka ya kiyoyozi, hakikisha kwa multimita kwamba hakuna volti iliyobaki kwenye nyaya, kisha subiri dakika 10. Katika viyoyozi vya inveta, yaani vile vinavyobadilisha kasi ya kompresa, kapasita (vipuri vinavyohifadhi umeme) za bodi ya nje hushika zaidi ya volti 300 za DC, umeme wa mkondo mnyoofu, hata baada ya umeme kukatwa, na hizo zinatosha kuua. Pima mpaka uone zimeshuka karibu na sifuri. Ambaye hajazoea kutumia multimita asifungue kifuniko, bali amwachie fundi na kufuata kazi kwa macho.

Piga picha ya nyaya zote kabla ya kuchomoa hata mmoja. Kwenye bodi ya ndani, karibu na mahali umeme unapoingilia, utaona fyuzi ndogo ya kioo au ya kauri, ambayo mara nyingi ni ya ampea 3.15 na volti 250, na kando yake kidonge bapa, aghalabu cha buluu, kilichoandikwa namba kama 10D471, 14D471 au 14D561. Kidonge hicho ni varista. Volti zikiwa za kawaida, varista haipitishi umeme. Zikivuka kikomo chake hufunguka na kuvuta mkondo mkubwa unaoikata fyuzi, na hivyo umeme mwingi hauendelei mbele. Kwa hiyo varista iliyopasuka pamoja na fyuzi iliyokatika ni habari njema. Badilisha zote mbili kwa namba zilezile. Maduka ya vipuri vya elektroniki ya Luthuli Avenue huviuza, nawe nenda na vile vya zamani mkononi. Usikubali fyuzi izibwe kwa kipande cha waya, wala varista ikatwe tu na kuachwa. Kiyoyozi kitawaka bila varista, na ndiyo sababu baadhi ya mafundi huiacha, lakini siku umeme utakaporudi kwa nguvu tena, bodi nzima ndiyo itakayolipa.

Baada ya kulehemu vipuri vipya, usiwashe moja kwa moja. Tenganisha nyaya ziendazo kwenye mashine ya nje, kisha unganisha balbu ya zamani yenye uzi, ya wati 60 au 100, kwa mfululizo katika waya wa moto. Balbu ikimulika kidogo na kufifia, hakuna shoti. Ikiwaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, kuna kipuri kingine kilichoungua, mara nyingi diodi za kuingizia umeme au chipu ya pawasapulai. Bodi za zamani zina transfoma, na ikiwa upande wake unaopokea umeme mkubwa hauonyeshi njia yoyote ya umeme kwenye multimita, imekatika ndani na inabadilishwa yote.

Kuhusu mashine ya nje isiyo ya inveta, pima kapasita ya kompresa na ulinganishe na namba iliyoandikwa juu yake. Iliyovimba haihitaji hata kupimwa. Kisha chomoa nyaya za kompresa, ambayo ina pini tatu: C (ya pamoja), R (ya kuendeshea) na S (ya kuwashia). Omu kati ya R na S zinapaswa kuwa jumla ya zile za C na R pamoja na zile za C na S, na pasiwe na njia yoyote ya umeme kutoka kwenye nyaya hizo hadi bomba la shaba. Zikilingana hivyo, hakuna msingi wa kusema kompresa imeungua. Katika inveta, jozi zote tatu za pini za kompresa husoma omu sawa, na hitilafu ya bodi ya nje ni kazi ya fundi mzoefu. Gesi isiguswe: umeme kuzidi hautoboi bomba, na anayekudai pesa za kuongeza gesi akuonyeshe kwanza mahali inapovuja.

Kiyoyozi kikishafufuka, kifungie kifaa cha AVS kinachokata umeme ukizidi au kupungua na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha. Chagua chenye ampea zinazozidi zile zilizo kwenye kibandiko cha kiyoyozi, na mashine kubwa iwekewe kile cha kufungwa ukutani kwa nyaya, si cha kuchomekwa kwenye soketi. Kwa radi, AVS peke yake haitoshi. Fundi aongeze kinga ya mshtuko wa umeme ndani ya kisanduku cha breka, baada ya kupima arthi, kwa kuwa kinga hiyo hutegemea arthi nzuri kumwaga umeme uliozidi.