Kuchora rufaa za wagonjwa: anza na tarehe

Juzi nilikaa na msimamizi wa wahudumu wa afya ya jamii. Alikuwa na faili mbili: rufaa zilizotolewa vijijini, na wagonjwa waliopokelewa kituoni. Alitaka kujua wagonjwa wanapotelea wapi.

1. Unganisha faili kwa namba ya fomu ya rufaa, si kwa majina. Jina moja huandikwa kwa namna tatu. Ukimaliza, futa majina kabisa kwenye nakala ya kuchorea.

2. Kagua tarehe. Hapa ndipo jioni yetu iliishia. Grafu ya kwanza ilionyesha mtoto mwenye homa kali aliyefika baada ya siku 31. Tukatafuta fomu yake: rufaa 03/04/2024, kupokelewa 04/04/2024. Siku moja! Excel ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa Marekani, ikasoma 03/04 kuwa Machi 4. Na kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, 13/04 ilibaki maandishi tu.

Dalili ni hii: tarehe iliyoeleweka hukaa kulia mwa kisanduku, iliyobaki maandishi hukaa kushoto. Ukiona mchanganyiko huo, usihangaike kubadilisha mwonekano wa safu. Machi 4 itabaki Machi 4 hata ukiivalisha sura nyingine. Rudi kwenye faili ghafi la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu), uliingize upya, na uchague mpangilio wa siku-mwezi-mwaka kabla halijafunguka. Kwa kazi hii natumia LibreOffice Calc, programu ya majedwali kama Excel, kwa sababu huuliza yenyewe.

Kisha hesabu siku kati ya rufaa na kupokelewa. Ukipata jibu hasi, rudi kwenye karatasi. Asiyefika mwachie nafasi tupu. Usimwekee 0, maana 0 ni mtu aliyefika siku ileile.

3. Chora nguzo tatu: waliopewa rufaa, waliofika, na ambao majibu yao yalirudi kwa mhudumu. Grafu ya duara achana nayo. Jicho halipimi vipande vizuri.

4. Chora nukta kwenye mhimili wa siku ulizohesabu: kila mgonjwa nukta yake, kila kijiji mstari wake. Wastani peke yake haufai: mgonjwa mmoja wa siku 40 huuvuta wote. Halafu badilisha mhimili wa siku uwe siku ya juma waliyofika.

5. Wapelekee wahudumu grafu kabla ya kumpelekea bosi. Nukta za kijiji kimoja zilirundikana zote Alhamisi. Mhudumu wa kijiji hicho alizitazama, akaweka kidole juu yake: "Alhamisi ndiyo siku pekee gari linapita kwetu."