Ngozi kavu inayowasha: paka mafuta KABLA ya kuoga

Nimefundishwa na dada mmoja wa Kerala, India, kwao wanaita abhyanga. Chukua mafuta ya ufuta vijiko viwili vya chakula, weka kwenye kikombe, kikombe kikae ndani ya maji ya moto mpaka mafuta yawe vuguvugu, jipake mwili mzima taratibu bila kukwangua, kaa dakika 15 hivi ndo uoge maji vuguvugu, sabuni kwapani na miguuni tu, kisha jifute kwa kupapasa. Mafuta yanaikinga ngozi, maji na sabuni visiondoe mafuta yake yenyewe, na unyevu hautoki haraka. Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya India, inasema ukavu unatokana na vata, yaani hali ya baridi na ukame mwilini, ndo maana dawa yake mafuta na joto. Ila kama ngozi ni nyekundu na inachoma tumia ya nazi, ufuta kwao unahesabika wa moto.

Haitasaidia ukioga maji ya moto sana. Kwenye vidonda au ukurutu unaotoa majimaji usipake kabisa, nenda hospitali. Usoni kama una chunusi acha. Na kuna watu wana aleji ya ufuta, so jaribu kwanza kidogo ndani ya kiwiko, subiri siku nzima. Sakafu ya bafu itateleza jamani, tandika kitu!