Geko chui mgeni: siku 90 za kwanza

Nilipomwonyesha mama geko chui wangu (leopard gecko, mjusi wa kufuga) kwenye simu, aliuliza kwa nini nimetoa hela nzima kununua mjusi kafiri. Nikamwambia huyu si yule wa darini: ana kope na anafumba macho, na vidole vyake havinati, kwa hiyo kioo hapandi. Asili yake ni nchi kavu za Pakistan, Afghanistan na kaskazini-magharibi ya India. Siku 90 hizi ni za karantini: mgeni anakaa peke yake, asije akawaambukiza mijusi uliyonao.

Hatua ya 1. Andaa boksi kabla hajafika, katika chumba kisicho na mijusi wako wengine. Boksi la plastiki lenye matundu ya hewa linatosha. Chini tandika karatasi za kufutia za jikoni. Mchanga usiweke, maana utakufichia kinyesi, na kinyesi ndicho unachokitafuta kwa ajili ya kipimo (hatua ya 6).

Hatua ya 2. Upande mmoja weka mkeka wa joto wenye themostati (kidhibiti joto), sakafu ifike nyuzi 32 hivi; upande wa pili uwe 24 au 25. Maficho matatu: la joto, la baridi, na moja lenye karatasi mbichi ndani kwa ajili ya kujivua ngozi. Maji kila siku.

Hatua ya 3. Mwache. Wiki mbili usimshike, hata watoto wakilia. Akiogopa sana anaweza kuukata mkia, na mkia ndiyo ghala lake la mafuta.

Hatua ya 4. Mpe nyenje au funza wa unga waliopakwa unga wa kalisi, wasiozidi upana kati ya macho yake. Nyenje waliobaki watoe kabla hujalala, watamng'ata.

Hatua ya 5 ndiyo iliyonigharimu. Kuna kimelea kiitwacho kriptosporidia: mjusi anakula, lakini mkia unakonda mpaka unabaki kama njiti. Tiba ya uhakika hakina, na maji ya klorini ya nyumbani hayakiui. Mimi nilitumia koleo moja la kulishia kwa mgeni na wenyeji, nikazika wawili. Kwa hiyo mgeni awe na koleo lake, bakuli lake, taulo lake. Hudumia wenyeji kwanza, mgeni mwisho, kisha nawa kwa sabuni (salmonela, bakteria wa kuharisha, nayo ipo, hiyo inakuambukiza wewe).

Hatua ya 6. Wiki mbili za kumwacha zikiisha, mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni, andika gramu. Kinyesi kibichi peleka kwa daktari wa wanyama, na umwombe kipimo cha PCR (cha maabara, kinachotafuta vinasaba vya kimelea) cha kriptosporidia, tena zaidi ya mara moja, kwa sababu kimelea hakitoki kila siku.

MASWALI

Kaka, wangu hajala siku ya sita sasa, nimlazimishe?
Hapana. Mkubwa mwenye mkia mnene anavumilia. Kagua joto la sakafu kwanza. Akiwa mdogo, au uzito unashuka, muone daktari.

Karantini ikiisha namweka na mwenzake?
Usithubutu, dada. Madume hupigana, na hata majike hunyang'anyana chakula. Kila mmoja na boksi lake.

Amejivua, ngozi imeganda vidoleni.
Msimamishe kwenye maji ya vuguvugu yanayofunika vidole vyake tu, dakika 15, kisha isugue taratibu kwa kijiti cha pamba. Ukiiacha itabana damu na kidole kitakatika.