Fuwele za bismuthi: shida yote iko kwenye kumwaga

Watu wakiona fuwele za bismuthi, metali inayoyeyuka kirahisi, zile ngazi ngazi zenye rangi za upinde wa mvua, wanadhani zimepakwa rangi, hapana, bismuthi inajifanyia yenyewe, kazi yako ni kuiyeyusha na kujua umwage saa ngapi. Hiyo ya pili ndo inasumbua.

Vitu vya kuandaa: bismuthi safi kilo moja, ya asilimia 99.99 ukiipata. Ikiwa na risasi au bati ndani fuwele zinatoka vibaya, na zile aloi (metali zilizochanganywa) zinazoyeyuka kirahisi zingine zina kadmiamu, metali yenye sumu, achana nazo kabisa. Usishangae ikishayeyuka, kilo nzima ni kama mililita 100 tu, kwa hiyo tafuta kisufuria chembamba cha stili, kikiwa kipana utaambulia tabaka jembamba chini basi. Andaa na cha pili cha kumwagia. Vyote viwe VIKAVU, tone la maji likikutana na metali iliyoyeyuka linalipuka kuwa mvuke na kukurushia metali ya moto usoni. Vaa miwani, glavu za ngozi, shika koleo, fungua madirisha. Na sufuria hizo hazipikiwi tena.

1. Yeyusha. Inayeyuka kwenye nyuzi 271 za Selsiasi, jiko la kawaida linatosha. Utando wa juu ni oksaidi, yaani metali iliyoungana na oksijeni ya hewa, usogeze pembeni na kijiko cha stili.

2. Zima moto, funika, usiguse. Ikipoa taratibu fuwele zinakua kubwa.

3. Hapa sasa. Kuganda kunaanzia pembeni, halafu juu kunashika ukoko, maana bismuthi ina tabia ya maji, ikiganda inatanuka (kama asilimia 3 hivi) na kile kigumu kinaelea. Gonga sufuria kidogo na koleo, katikati pakitetemeka bado kuna majimaji chini. Mara ya kwanza mimi nilisubiri mpaka pametulia kabisa nikapata tofali, na juu limetoa vichunusi kwa sababu ile iliyobaki ndani ikitanuka inajipenyeza kutafuta njia. Mara ya pili nikawahi mno, ikatoka yote, sufuria tupu. Unataka kama nusu iwe imeganda: toboa ukoko, mwaga kwa mkupuo mmoja kwenye kile kisufuria kingine, usisite katikati.

4. Tazama ndani. Zile fuwele bado za moto, hewa inazigusa na oksaidi inajijenga upya, nyembamba mno, na unene wake ndo unaamua rangi: ikiwa nyembamba dhahabu, ikizidi zambarau, bluu, mpaka kijani, kama mafuta yakitanda juu ya maji. Na ngazi zinakuja kwa sababu kingo za fuwele zinakua haraka kuliko katikati ya uso, ndo maana kila mraba una shimo.

Acha ipoe kabisa ndo uzitoe, zinavunjika kirahisi.

Swali lazima lije: je na antimoni au aseniki, ndugu zake bismuthi? USITHUBUTU. Antimoni inataka nyuzi kama 630, na aseniki ukiipasha wala haiyeyuki, inageuka mvuke moja kwa moja, na oksaidi yake ni sumu ya kuua. Bismuthi ndo mpole wa ukoo huo.

Fuwele ikitoka mbovu irudishe sufuriani, chota oksaidi, anza tena.