Kuwasha injini ya Sopwith Camel na kupaa bila kuizima

Sopwith Camel ni ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Injini yake ya Clerget 9B, nguvu-farasi 130, huzunguka yenyewe: kranki (mhimili wa injini) imefungwa kwenye kiunzi cha ndege, na silinda zote 9 huenda mbio pamoja na rafadha. Petroli hupitia ndani ya kranki, kwa hiyo kulainishia injini tumia mafuta ya nyonyo tu. Mafuta ya madini huoshwa na petroli na vyuma vikabaki vikavu.

Camel haina breki. Weka kabari mbele ya magurudumu, na watu washike mkia. Swichi za magneto (vifaa vya kutoa cheche) zikiwa zimezimwa, fundi anafungua vali ya moshi ya silinda moja baada ya nyingine, anatia petroli kidogo, kisha anazungusha rafadha kwa mkono. Petroli ikizidi hutuama ndani ya bamba la pua na cheche ya kwanza huishika moto; ifute kabla ya kuendelea. Rubani anapiga pampu ya mkono hadi tangi lishike mgandamizo. Fundi anaita "Kontakti!", rubani anajibu vivyo hivyo, anawasha swichi, na fundi anavuta rafadha.

Injini ikishika, kodolea macho kile kioo kidogo cha mafuta. Mafuta yaruke-ruke ndani yake kama mshipa wa shingo. Yakitulia, zima papo hapo.

Walioua Camel nyingi mwaka 1917 na 1918 hawakuwa maadui peke yao. Wanafunzi wengi walianguka wakipaa. Mara magurudumu yanapoacha ardhi, punguza petroli kidogo kwa wenzo mdogo. Usipofanya hivyo, injini inapaliwa, inatoa moshi mweusi na kukata, huku tangi lililojaa nyuma ya kiti likivuta mkia chini. Kuongeza petroli hapo ni kosa baya kabisa. Shusha pua, funga petroli, subiri. Injini huitikia baada ya sekunde kadhaa, na mwenye papara husogeza wenzo mara ya pili kabla ya jibu la kwanza kufika. Usigeuke kurudi uwanjani.

Ukikata kona kulia pua inazama, kushoto inainuka. Kote kuwili kanyaga usukani wa kushoto.

Kutua, bonyeza kitufe cha kukata cheche kwa vipindi vifupi. Ukikishikilia mno, petroli isiyoungua hukusanyika puani, na cheche ikirudi inalipuka.