Somo: Kuzimua kwa tende na ukwaju

Nilipokuwa nasoma Pune, India, jirani yangu wa hosteli alinikuta asubuhi moja na hangova, nimelala sakafuni, maana sakafu ndiyo pekee iliyokuwa na ubaridi. Hakunipa pole. Alirudi na bakuli la kitu cha kahawia, kitamu na kichachu kwa pamoja, akasema ninywe polepole. Humo ndani kulikuwa na tende, zabibu na ukwaju. Vitu vya futari kabisa!

Kinaitwa kharjuradi mantha. Kharjura ni tende, mantha ni kitu kilichopekechwa. Kimo kwenye Charaka Samhita, kitabu kikongwe cha Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya Kihindi, kwa ajili ya madhara ya pombe.

Kabla ya kuingia jikoni tuelewane. Hakuna kinywaji kinachoitoa pombe mwilini haraka. Kazi hiyo ni ya ini, na bia moja ya nusu lita hulichukua kama saa mbili hadi tatu, upende usipende. Mantha inarudisha maji na sukari kwenye mwili uliokauka, tena kwa ladha ambayo tumbo lililovurugika haliikatai. Mimi hilo linanitosha.

Hatua ya 1: jioni, kabla hujatoka. Tende laini 6, zitoe kokwa. Zabibu kavu kiganja kimoja. Ukwaju wa ukubwa wa ndimu. Osha, weka kwenye bakuli la kioo au la udongo, mimina maji ya kunywa glasi 3, funika, weka kwenye friji. Ukisema utafanya asubuhi, hutafanya.

Hatua ya 2: asubuhi. Nawa mikono, ponda kwa vidole. Usiharakishe hapa. Tende zinayeyuka mapema, zabibu zinabaki vijiganda vinavyoteleza, na ukwaju ndio mbishi: mpaka uachie kokwa na nyuzi zake zote. Maji yakishakuwa mazito kama uji mwepesi, chukua upekecho upekeche mpaka povu lipande. Vitabu vinataka sehemu 1 ya viambato kwa 4 za maji baridi. Usichemshe, ukichemsha hiyo si mantha tena.

Hatua ya 3. Chuja. Kamulia komamanga nusu. Mapishi ya asili yana amla, tunda chachu la Kihindi, na matunda mengine mawili ambayo kwetu ni shida kuyapata, nami siyatafuti. Chumvi, ncha ya kijiko, ni nyongeza yangu.

Hatua ya 4. Kunywa kidogo kidogo, glasi moja kwa nusu saa. Ukitapika, pumzika dakika kumi, anza tena kwa kijiko.

Mchana, tumbo likitulia: mtindi uliozimuliwa kwa maji, chumvi, na bizari nyembamba iliyokaangwa bila mafuta ikasagwa.

Ila mlevi asiyeamka ukimtikisa, anayepumua kwa kuvutavuta au aliyeshikwa na degedege, usimtilie chochote mdomoni. Mlaze ubavu, mpeleke hospitali. Vivyo hivyo aliyekunywa gongo akaanza kuona ukungu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, si nizimue tu na bia moja ya baridi?*
Utacheka: Charaka mwenyewe anasema maradhi ya pombe hutulizwa kwa pombe ikinywewa kwa utaratibu. Kwa hiyo kuzimua hukuanzia kwenye baa ya mtaani kwenu. Lakini hapo mimi na mzee huyo tunaachana. Bia ya asubuhi inaahirisha maumivu mpaka jioni, na ini linaongezewa kazi.

*Nina kisukari. Tende si zitanimaliza?*
Hii si yako. Loweka mbegu za giligilani usiku, kipimo 1 kwa 6 vya maji, chuja, unywe asubuhi bila sukari. Na upime sukari yako, kwa sababu pombe inaweza kuishusha hata kesho yake.

*Kuna vidonge vya Kihindi vya kusafisha ini, vinafaa?*
Siviamini. Watafiti wa Boston walipima dawa 70 za Ayurveda zilizokuwa zikiuzwa madukani huko. Matokeo yalitoka 2004, na 14 zilikuwa na madini yenye sumu: risasi, zebaki au aseniki. Mimi natumia kile ninachokiona kwa macho: tende ni tende.

*Naweza kumeza panadoli kwa ajili ya kichwa?*
Pombe ikiwa bado mwilini, subiri. Paracetamol nayo inapita kwenye ini lilelile. Aspirini nayo inachubua tumbo.

*Mume wangu anakunywa kila siku. Asipokunywa anatetemeka mikono na kutoka jasho. Nimpe hii?*
Dada yangu, hiyo si hangova. Mwili umeshazoea pombe, na kuikatiza ghafla kunaweza kumletea degedege, hata kumuua. Mpeleke kwa daktari kabla hajaacha, apunguziwe kwa dawa.

*Blenda inafaa badala ya vidole?*
Inafaa, ila hesabu kokwa kwanza. Yangu ilikufa kwa kokwa moja ya tende, nikarudi kwenye upekecho wa mama.