Kumfundisha adabu farasi mkubwa mkaidi

Farasi chotara mwenye damu ya mbegu za kukokota mizigo, kama Percheron wa Ufaransa au Clydesdale wa Scotland, hufika kilo 600 hadi 800 bila shida. Mtu mmoja hamshiki huyo kwa nguvu, na masaisi (watunza farasi) watatu waking'ang'ania kamba pia hawamshiki. Ubaya ni pale yeye mwenyewe anapoligundua hilo. Akishavuta mara moja, kamba ikamponyoka mtu, akaenda zake kula majani, basi kesho atavuta mapema zaidi. Kwa hiyo mafunzo haya yote yamejengwa juu ya jambo moja: usimpe nafasi ya kuvutana nawe. Ajue kwamba akipisha, kamba inalegea palepale.

Anza na vifaa. Hatamu ya kichwani iwe ya saizi yake kweli, maana za kawaida humbana shavuni na vifungo vyake hukatika. Mkanda wa puani ukae vidole viwili chini ya mfupa wa shavu, na vidole viwili vipite kati yake na pua. Ukishuka zaidi utalalia sehemu laini ya pua na kumwumiza. Kamba iwe ya pamba, unene wa milimita 14 hivi, urefu wa mita 3.5 hadi 4. Ya katani huchubua viganja, na nailoni nyembamba ikipita mkononi kwa kasi inakata hadi nyama. Vaa glavu na buti ngumu. Kandambili hapana, hata kwa dakika moja. Kamba inayobaki ikunje mikunjo ya kwenda na kurudi, uishike katikati. Usiizungushe mkononi kamwe. Ongeza henzirani ya kama mita 1.2 ya kurefusha mkono wako. Kazi yake ni kuonyesha na kugusa, si kuchapa.

Kiwanja kiwe cha mchanga, chenye uzio, na kisiwe chini ya minazi. Kwa Dar es Salaam fanya kazi kati ya saa 12 na saa 1:30 asubuhi, au baada ya saa 11 jioni, hasa Desemba hadi Machi. Mwili mkubwa hupoa polepole, na hewa ya pwani yenye unyevu hairuhusu jasho kukauka. Dakika 15 asubuhi na 15 jioni zinafundisha kuliko saa nzima ya kuchoshana. Farasi aliyetulia hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika. Akiwa bado anahema sana baada ya kupumzika kivulini dakika kumi, funga somo, mmwagie maji mwili mzima, tena na tena.

Sasa somo lenyewe. Simama ubavuni mwake upande wa kushoto, usawa wa bega, umbali wa mkono ulionyooka. Huo ndio mpaka wako, na yeye ndiye wa kuuheshimu. Farasi haoni kilicho mbele kabisa ya paji lake wala kilicho nyuma kabisa ya mkia, kwa hiyo usimjie kutoka huko bila kumsemesha.

Cha kwanza ni kurudi nyuma. Geuka umtazame, shika kamba karibu na kidevu, uikaze kidogo kuelekea kifuani mwake. Usivute kwa uzito wa mwili. Kaza kama mtu anayekamua kitambaa, kidogo kidogo. Angalia kifua na magoti. Kabla mguu haujanyanyuka, utaona uzito ukihamia nyuma na misuli ya kifua ikilegea. Hapo hapo achia. Usisubiri hatua kamili siku ya kwanza. Ukichelewa sekunde mbili tu, atakuwa ameshafanya jambo jingine, pengine amesukuma mbele, na kamba itakuwa imemsifu kwa kosa. Wengi wanaosema farasi wao hasikii wanakosea hapa: wanajua kukaza, hawajui kulegeza. Asipojibu, ongeza kwa kumgusa kifuani na ncha ya henzirani, mguso baada ya mguso, mpaka arudi. Kukaza kwa nguvu moja isiyobadilika hakufai, kwa sababu farasi kwa asili husukuma dhidi ya kitu kinachomkandamiza, na kwa kilo hizo atashinda.

Cha pili ndicho breki yako halisi: kumfanya apishe miguu ya nyuma. Mvute kichwa kidogo kuelekea kwako, tazama nyonga yake, elekeza henzirani huko. Mguu wa nyuma ulio upande wako upite mbele ya mwenzake, kama mtu anayevuka mtaro. Ukipita hivyo, legeza kila kitu. Farasi anayepishanisha miguu ya nyuma hawezi kujisukuma mbele, ndiyo maana hili lina thamani kuliko kuvuta kichwa. Fanya pande zote mbili. Upande wa kulia utakuwa mgumu zaidi, kwa kuwa watu wamezoea kumshika kushoto.

Farasi mzito akitaka kutoroka haanzi na mbio. Sikio na jicho la upande wako huenda kwingine, bega linakuegemea, kisha shingo inanyooka kama boriti. Ukisubiri shingo inyooke, umeshachelewa. Sikio linapogeuka tu, pinda kichwa chake kwako na umfanye apishe nyonga. Kama ameshaondoka, achia kamba. Ndiyo sababu ya uzio.

Kutembea kufuate hayo. Hatua kumi, simama, rudi nyuma mbili, tembea tena. Wewe ukisimama naye asimame, bega lake lisikupite. Akikupita, usimkimbilie mbele kumzuia. Mrudishe hatua tatu, uanze upya bila hasira. Mlangoni mwa banda fanya hivyo hivyo: mlango unafunguka, yeye anasubiri, wewe unapita, ndipo unamwita. Farasi wa upana ule akikubana kwenye fremu ya mlango anavunja mbavu.

Chakula kinaharibu adabu haraka kuliko kitu chochote. Usimpe karoti wala kipande cha muwa mkononi. Weka ndooni, naye arudi hatua moja kabla hujaiachia. Punguza mahindi na pumba kwa farasi asiye na kazi, nyasi ndizo ziwe msingi. Anayeshiba nafaka na kufungiwa banda mchana kutwa atakuja kwako na nguvu zote hizo. Mtoe kwanza atembee uwanjani.

Kwato zinahitaji subira. Siku ya kwanza nyanyua mguu sekunde tatu, uuweke chini wewe kabla yeye hajaudai. Ongeza hadi kumi, kisha dakika. Akiuegemeza uzito wake kwako usimbebe. Sogea kidogo ili ajitafutie mizani. Kumfunga ni baada ya kujua kupisha kamba, si kabla: nguzo iliyozama ardhini mita moja, fundo usawa wa juu ya mabega yake, kamba ya kama sentimita 60, na fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Usimfunge kwenye mlango, ubao wa uzio wala gari.

Kelele za mjini ziletwe ndani ya uzio kwanza. Bodaboda isimame mita 20, injini ikinguruma, yeye akifanya hatua zake za kawaida. Isogee siku hadi siku. Barabarani kwenye bajaji na honi za daladala aende baadaye, akiwa na farasi mtulivu wa kuongozana naye.

Watu wote wanaomshika wafuate utaratibu huu. Saisi wa asubuhi akimkataza kusukuma na wa jioni akamwachia, farasi ataendelea kujaribu kila siku.

Akiwa msikivu halafu ghafla akakataa hatamu, chunguza ndani ya masikio kwanza. Kupe hupenda kujificha humo, na farasi anayetupa kichwa mkono ukikaribia huenda anaumwa tu. Angalia pia michubuko chini ya mkanda, joto la kwato, na jinsi anavyotafuna: nyasi zikidondoka zikiwa mabonge, daktari wa mifugo amkague meno kabla hujaendelea na somo.